Kifauongo Ndani ya Kiingereza

Mara ya kwanza nilipoisoma riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, nilikwama kwa muda mrefu kwenye maneno mawili aliyoyaweka katikati ya sentensi ya Kiingereza: kifa urongo. Khalil, kijana anayeuza duka la tajiri Aziz, anamwita hivyo Yusuf, mtoto wa miaka 12 aliyeletwa pwani kwa sababu baba yake ameshindwa kulipa deni. Msomaji asiyejua Kiswahili anaweza kuyapita maneno hayo akidhani ni utani wa vijana tu. Mimi sikuweza kuyapita. Nilikumbuka likizo za utotoni kwa shangazi yangu Muheza, ambako kando ya njia ya kwenda kisimani kulikuwa na mimea midogo yenye maua ya rangi ya zambarau, na sisi watoto tulikuwa tukiinama kuigusa kwa kidole ili tuone majani yakijikunja na kulala kana kwamba yamekufa, kisha tukakaa kimya tukingoja yafunguke tena. Kifauongo hakifi, kinajifanya kimekufa ili kiachwe. Jina hilo anapewa mtoto aliyewekwa rehani, na anayelielewa ameshaambiwa namna atakavyoishi katika nyumba ya mtu anayemdai baba yake, akitii na kujikunja kila anapoguswa, huku akiwa hai wakati wote.

Mimi ni mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika shule ya sekondari, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma, kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya nafsi yangu, yale yanayoandikwa na wachambuzi kuhusu waandishi waliotoka katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Hoja inayorudiwa mno ni ya mchanganyiko wa tamaduni, ambao baadhi ya wenzetu wanaofundisha nadharia kwa Kiswahili huuita uchotara. Katika Kiingereza cha vyuo vikuu hoja hiyo imepata heshima kubwa. Inaelezwa kwamba mtu aliyechanganyika anasimama mahali penye rutuba, anaona huku na huku, anaunda lugha mpya, na anauvunja ukuta uliokuwa ukimtenganisha mtawala na mtawaliwa. Sikatai kwamba yapo maandishi yanayothibitisha hayo. Sam Selvon wa Trinidad, katika riwaya yake ya mwaka 1956 kuhusu wahamiaji wa Karibi mjini London, alimpa msimulizi mwenyewe lafudhi ya kwao, si wahusika peke yao, na tangu hapo Kiingereza cha riwaya hakikuwa tena mali ya wenye Kiingereza cha shuleni.

Lakini jaribuni kulitamka neno chotara kwa Kiswahili, mbele ya watu, msikie linavyolia. Ni neno linalosemwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mwenyewe akiwa ameshapita. Lipo pia neno la zamani zaidi, suriama, ambalo limetokana na suria, yaani mwanamke mtumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Lugha yetu haikuficha jambo. Iliweka katika jina la mtoto habari ya namna mama yake alivyopatikana. Kwa hiyo kila ninaposoma kwamba mchanganyiko ni uhuru, najiuliza ni nani aliyechanganywa kwa hiari yake na ni nani aliyechanganywa kwa kununuliwa. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam kabla ya kuhamia Amerika ya Kaskazini, aliliweka swali hilo kwenye mzizi wa riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack, ya mwaka 1989: ukoo mzima wa Wahindi unaosimuliwa humo unaanzia kwa mfanyabiashara Dhanji Govindji na mwanamke mtumwa anayeitwa Bibi Taratibu. Jina lake la Kiafrika hatupewi. Tunapewa sifa ambayo waliommiliki walipenda kuiona kwake.

Tarehe 7 Oktoba 2021, Gurnah alipotangazwa kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, taarifa ya watoa tuzo ilisifu jinsi alivyozama, kwa huruma na bila kulegeza msimamo, katika athari za ukoloni na hatima ya mkimbizi aliye katika ufa kati ya tamaduni na mabara. Ni maelezo ya haki kwa mtu aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, akafanya maisha yake Uingereza na kufundisha Chuo Kikuu cha Kent hadi alipostaafu, na asiweze kukanyaga tena nyumbani hadi mwaka 1984, alipowahi kumwona baba yake muda mfupi kabla hajafariki. Hata hivyo neno “kati” limenisumbua tangu siku ile. Linatufanya tuone kingo mbili, Afrika upande huu na Ulaya upande ule, na mtu mmoja akining'inia juu ya bonde. Anayeisoma Paradise kwa sikio la Kiswahili haoni kingo mbili. Anaona nyumba ambayo wageni wameingia kwa karne nyingi kutoka Hadhramaut, Gujarat, Shiraz, Oman, Ngazija na bara, wengine wakiwa na bidhaa mikononi na wengine wakiwa na minyororo shingoni, na Mzungu anaingia mwishoni kabisa, nyumba ikiwa imeshajaa magomvi yake yenyewe.

Chukueni mfano wa Kalasinga, fundi wa magari katika riwaya hiyo. Msomaji wa London atadhani hilo ni jina la mtu, na kwa kiasi fulani ni kweli, ila kwetu ni jina ambalo Sikh yeyote alibandikwa, awe amependa au hakupenda. Kalasinga huyu anatamka kwamba angependa kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili ili wenzake Waislamu waelewe wanachokisoma, na rafiki zake wanashtuka na kubishana naye. Katika riwaya jambo hilo lina kichekesho na ukali kwa pamoja. Historia ilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili iliyochapishwa, ile ya mwaka 1923, ilifanywa na kasisi wa misheni ya Kianglikana huko Zanzibar, Godfrey Dale, na Waislamu wa Afrika Mashariki walingoja miaka 30 hadi tafsiri ya jumuiya ya Kiislamu ya Ahmadiyya ya mwaka 1953, kisha hadi mwaka 1969 kwa ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambayo hadi leo iko katika nyumba nyingi. Nani alikuwa na haki ya kuyatia maneno ya dini katika lugha ya watu? Swali hilo halihitaji Uingereza na Afrika peke yake ili liulizwe.

Wachambuzi wengi wameifananisha safari ya Aziz ya kwenda bara na ile ya Joseph Conrad katika Heart of Darkness, riwaya ya Mzungu anayeingia ndani ya Afrika, na mfanano upo. Lakini mwanafunzi yeyote wa madrasa atakayepewa kisa cha kijana mzuri wa sura aitwaye Yusuf, aliyetengwa na wazazi, aliyeingizwa katika nyumba ya tajiri aitwaye Aziz, ambaye mke wa tajiri anamtamani na kuirarua kanzu yake kwa nyuma anapokimbia, hatamtaja Conrad. Ataitaja Sura ya Yusuf, na kama amekulia Lamu au Mombasa huenda akautaja pia utendi wa Yusufu ambao washairi wa pwani waliutunga kwa Kiswahili. Gurnah aliweka milango miwili kwenye nyumba moja. Mlango wa Conrad umeandikwa sana kwa sababu wanaoandika wengi wameingilia huko.

Upo na mlango wa tatu, ambao ndio ulionibadilishia kabisa namna ya kuisoma riwaya hii. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha mkusanyiko aliouita Safari za Wasuaheli, wenye masimulizi ya wasafiri wa pwani waliokwenda bara na kwingineko, yakisimuliwa kwa Kiswahili na wenyewe. Mmoja wao, Selemani bin Mwenye Chande, anasimulia msafara wa biashara uliofika kwa mtawala aitwaye Chata, ukanyang'anywa mali na kuzuiliwa. Katika Paradise msafara wa Aziz unafika kwa mtawala aitwaye Chatu, unanyang'anywa mali na kuzuiliwa. Wataalamu wameshauonyesha uhusiano huo, na mimi niliposoma kurasa hizo mbili kwa kufuatana nilijisikia kama mtu aliyekutana na ndugu asiyemjua. Kiswahili cha mfanyabiashara wa pwani kilichukuliwa na msomi wa Kijerumani kwa manufaa ya dola iliyotaka kuwaelewa watawaliwa wake, kikakaa maktabani, kikaokotwa na mwana wa Zanzibar aliyekuwa uhamishoni, akakigeuza kuwa riwaya ya Kiingereza iliyoingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker mwaka 1994, na mwaka 2022 riwaya hiyo ikarudi katika Kiswahili kwa jina la Peponi, ikitafsiriwa na Dkt. Ida Hadjivayanis anayefundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha SOAS, London, na kuchapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Ilichukua miaka 121 kwa kisa hicho kufunga mzunguko wake.

Kuna jambo la ajabu ambalo sikulitambua hadi nilipoishika Peponi mkononi. Kiingereza, lugha ambayo riwaya imeandikwa, karibu hakimo kabisa katika ulimwengu wa hadithi. Wakoloni wanaosogea ni Wajerumani. Wahusika wanazungumza Kiswahili, Kiarabu na lugha za bara, na panapokuwa na kutoelewana yuko mtu wa kutafsiri, kama Nyundo, ambaye kauli zake mwenyewe hatuna hakika nazo. Gurnah aliandika kwa Kiingereza mazungumzo ambayo hayakuwahi kufanyika kwa Kiingereza, na amewahi kueleza wazi kutopenda desturi ya wachapishaji ya kuyaweka maneno ya kigeni katika hati za mlalo na kuyatolea faharasa, desturi inayomwambia msomaji kwamba hapa umevuka mpaka. Katika Peponi maneno kama seyyid na mnyapara yamerudi kuwa maneno ya kawaida. Jina lenyewe la kitabu limeongezeka uzito, kwa maana pepo kwetu ni makao ya wema huko akhera, na pepo ni yule anayepanda kichwani mwa mtu hadi apungwe.

Najua wako watakaosema kwamba angeandika kwa Kiswahili tangu mwanzo. Hoja hiyo naiheshimu. Mwezi Juni mwaka 1962 waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere, na Ngũgĩ wa Thiong'o alikuja kueleza baadaye jinsi yeye, mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache tu zilizochapishwa, alivyostahili kualikwa, wakati Shaaban Robert, mwenye mashairi na riwaya chungu nzima kwa Kiswahili, hakustahili. Shaaban Robert alifariki mwezi huo huo. Kila ninapoifikiria sadfa hiyo moyo wangu unasononeka. Hata hivyo siwezi kumdai mtu aliyelazimika kuondoka kwao katika ujana wake kwamba aandike kwa lugha ambayo wachapishaji na wasomaji wake walikuwa ng'ambo ya bahari asiyoweza kuivuka.

Sasa niseme lile linalonihusu mimi binafsi. Sikuzaliwa pwani. Nilizaliwa Tabora, katika familia ya Kinyamwezi, na Kiswahili changu cha kwanza kilikuwa cha sokoni na cha shuleni. Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa misafara ya karne ya 19. Walibeba pembe na mitumba, mzigo wa mtu mmoja mara nyingi ukiwa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kutoka bara hadi pwani na kurudi, kwa miezi mingi. Katika Paradise watu wa pwani wanapozungumza juu ya watu wa bara, neno linalowatoka midomoni ni washenzi. Neno hilo Waingereza hawakutuletea, wala Wajerumani. Tulikuwa nalo, likiwa pacha wa ustaarabu, neno jingine ambalo mzizi wake umo katika Uarabu na ambalo leo tunalitumia shuleni na bungeni bila kukumbuka lilikotoka. Naliona hili kuwa jambo la ujasiri mkubwa kuliko yote aliyoyafanya Gurnah. Angeweza kuwaandikia Wazungu kitabu cha pwani yenye amani ambayo mkoloni alikuja kuiharibu, na wangekipenda. Badala yake aliandika kuhusu jamii yenye bustani nzuri yenye maji na mikomamanga, na nje ya ukuta wa bustani hiyo akamlaza kibarazani mtoto aliyechukuliwa kwa deni.

Ndiyo maana neno “mchanganyiko” peke yake halinitoshi. Babu wa babu zangu naye alikuwamo katika mchanganyiko huo. Alikuwa chini ya mzigo. Lugha ninayoandika hapa, ambayo naipenda kuliko ninavyoweza kueleza, ilifika kwetu Tabora kwa njia ile ile zilikopita pembe na watumwa, na miembe tuliyokuwa tukila matunda yake utotoni husemwa kwamba ni alama ya njia hiyo. Sina lugha nyingine ya kulalamikia jambo hilo isipokuwa hiyo hiyo, na Kiingereza ninachokifundisha.

By the Sea, ya mwaka 2001, inaupeleka mzigo huo hadi uwanja wa ndege wa Gatwick. Saleh Omar, mzee wa miaka 65 aliyekuwa na duka la samani Zanzibar, anafika Uingereza kwa pasipoti yenye jina la mtu mwingine. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, naye ananyamaza; kwangu mimi huyu naye ni kifauongo. Katika mzigo wake mdogo mna kisanduku cha udi al-qamari. Mzee alikuwa akidhani udi huo umeitwa kwa jina la mwezi, hadi mfanyabiashara aliyempatia alipomweleza kwamba neno limepotoshwa, na kwamba asili yake ni Khmer, yaani Kambodia. Ofisa wa uhamiaji, ambaye wazazi wake nao walikuwa wakimbizi kutoka Romania, anamweleza mzee, akiamini haelewi, kwamba wazazi wake walikuwa na haki ya kuja kwa kuwa ni Wazungu. Kisha anakichukua kisanduku. Mzee anaelewa kila neno na hajibu. Katika maandishi yote niliyoyasoma kuhusu tamaduni kukutana katika Uingereza ya leo, sijaona ukurasa unaonichoma kama huo: mkimbizi mmoja na mtoto wa wakimbizi wa wakati mwingine, kipande cha mti wa Kambodia kilichopitia Ghuba hadi Zanzibar, na lugha moja ambayo wote wawili wanaijua lakini mmoja peke yake ndiye anayeizungumza.

Mwaka jana, wakati wa likizo ya Desemba, niliichukua Peponi nikaenda nayo Tabora. Babu mdogo, mdogo wake babu yangu, macho yake hayaoni vizuri tena, kwa hiyo nilikuwa nikimsomea jioni baada ya sala ya magharibi, kurasa kumi hivi kwa siku. Alimpenda Khalil. Kwa Aziz alinyamaza. Tulipofika kwenye msafara alianza kukaa wima kitini, na mara mbili alinikatiza ili kunisahihisha matamshi ya majina ya mahali. Alisema babu yake alipita njia hizo na alikuwa na kovu begani lililobaki kuwa gumu kama kisigino hadi alipozikwa.

Siku msafara uliponyang'anywa mali nilimsomea hadi usiku, kwa sababu hakutaka niache. Nilipofunga kitabu aliniuliza, “Na wale wapagazi, mjukuu wangu, walilipwa?”

Nikamwambia anivumilie kidogo. Nilisogeza taa, nikarudi nyuma hadi ukurasa ambao mizigo inafungwa na watu wanahesabiwa, na tukaanza tena kusoma kutoka pale, safari hii akinitaka nisimame kila mpagazi anapotajwa.